UZI: Mei 18 Ujiji na Kwihara, maonesho ya kuhama ya njia ya misafara (leteni vipimo, hotuba baadaye)

MwembeWaUjiji (#1)
Wakuu, heshima kwenu.

Siku ya Makumbusho Duniani huadhimishwa Mei 18 tangu mwaka 1977. Mwezi mmoja kabla yake, Aprili 18, ni siku ya kimataifa ya maeneo ya kale. Sisi wa magharibi tuna vituo viwili vinavyosimulia habari moja: Ujiji hapa Kigoma, na tembe (nyumba ya udongo yenye paa bapa) la Kwihara nje kidogo ya mji wa Tabora. Vyote viwili vimo kwenye njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu ambayo Tanzania iliiweka kwenye orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde.

Pendekezo: badala ya kila kituo kuhangaika na hema, spika na mgeni rasmi, tuwe na maonesho mamoja yanayohama. Yaanzie Ujiji, kisha yahamie Kwihara, na baadaye yapelekwe viwanja vya Nane Nane pale Ipuli. Vitu vinne tu:
- paneli 10 za maandishi na picha
- mzigo wa mpagazi (mbeba mizigo wa msafara), watu waunyanyue
- kamba ya urefu wa MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika
- kona ya maneno

Ratiba ninayoiona ni ya wiki kumi. Wiki ya kwanza barua kwa wasimamizi wa vituo na ofisi za elimu. Maandishi ya paneli yafungwe wiki ya nne, kuchapa wiki ya sita, majaribio na darasa moja wiki ya nane. Ukichapa wiki ya mwisho, kosa utaliona siku ya ufunguzi likiwa na urefu wa sentimita themanini.

Mwenye utaalamu wa chochote kati ya hivyo amwage nondo hapa.

NgomaNzito (#2)
Mkuu wazo zuri, ila naona tunarudi kwa Livingstone na Stanley. Mzungu kamkuta Mzungu chini ya mwembe. Watoto wetu watajifunza nini kipya?

Kalunde_Tbr (#3)
@NgomaNzito hapo ndipo Kwihara inapofaa. Livingstone alifika pale Februari 18, 1872 pamoja na Stanley, Stanley akaondoka Machi 14, mzee akabaki hadi Agosti 25. Zaidi ya miezi sita amekaa. Alikuwa anasubiri nini? Wapagazi na vifaa. Bila wapagazi haendi popote. Hiyo ndiyo paneli ya kwanza, na ina jibu la swali lako ndani yake.

Paneli ya pili iwe ya Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wao na wenzao wakaubeba mwili, Oktoba wakapita Unyanyembe (eneo la Tabora), wakamkuta mpelelezi Mwingereza Cameron aliyewashauri wauzike hapo hapo. Wakakataa. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Alizikwa London Aprili 18, 1874, yaani tarehe ile ile ya siku ya maeneo ya kale. Imetokea tu, lakini mwongozaji akiitaja hakuna mwanafunzi atakayeisahau.

Ya tatu Sidi Mubarak Bombay, aliyetembea na wapelelezi Waingereza Burton na Speke hadi Ujiji mwaka 1858, kisha akatembea tena na Stanley. Mtu mmoja, safari zote hizo, na kwenye vitabu vingi yumo kama mstari wa pembeni.

MwembeWaUjiji (#4)
Hapo sawa kabisa. Na kwenye paneli ya mwembe tusiandike tarehe ya kukutana kwao kama msumari. Novemba 10, 1871 ni hesabu ya Stanley. Livingstone alikuwa amepoteza hesabu ya siku, daftari lake linataja Oktoba. Isitoshe, kurasa za siku ile kwenye shajara ya Stanley zilichanwa, kwa hiyo hata yale maneno yake maarufu ya salamu yana shaka. Andikeni "kwa hesabu ya Stanley" mwendelee. Tena mwembe wenyewe wa 1871 ulishakufa, iliyopo inatajwa kuwa uzao wake. Kibao kikisema "chini ya mti huu" kinadanganya.

FundiMabango (#5)
Nizungumzie paneli, maana hapo ndipo hela inapotea.

Saizi: A1, yaani sm 59.4 kwa 84.1. Kubwa zaidi ya hapo haibebeki kwenye basi bila kukunjwa, na turubai la mabango likikunjwa mara moja mstari hautoki tena. Zile stendi za kuvuta juu zenye urefu wa mita mbili ni nzuri ukumbini. Nje, upepo wa ziwa wa mchana unazilaza zote kabla ya saa nane.

Maandishi: maneno 70 kwa paneli, ukizidisha sana 90. Kichwa cha habari pointi 90 kwenda juu, maelezo yasipungue pointi 30 ili mtu aliyesimama mita moja asome bila kuinama. Herufi nyeusi kwenye rangi ya maziwa. Herufi nyeupe juu ya picha ni ugonjwa wa wabunifu wa siku hizi: kwenye kioo zinapendeza, ukichapa hazisomeki.

Picha: ukitaka picha ijae paneli nzima unahitaji pikseli kama 5,000 upande mrefu. Picha ya sm 40, kama 2,400. Sasa, picha iliyotumwa kawaida kwa WhatsApp hubanwa hadi kama pikseli 1,600, inatosha sm 27 tu. Ndiyo maana mabango mengi yana sura zenye ukungu. Itume kama faili la nyaraka.

Kusafirisha: nunua bomba la maji taka la plastiki la inchi 4, likate sentimita 70, weka vifuniko viwili. Viringisha paneli uso ukiwa NJE, kwa upande wa sm 84 ili upana wa sm 59 ukae ndani ya bomba. Zote kumi zinaingia bila kubanwa, na turubai lenyewe halizidi kilo tatu. Uso ukiwa ndani, paneli ikifunguliwa inajikunja kuelekea kwa msomaji kama chapati.

Kimo: katikati ya paneli iwe sm 145 toka chini kwa watu wazima. Kama wageni wengi ni wa shule ya msingi, shusha hadi 120. Mtu mzima anaweza kuinama, mtoto wa darasa la tatu hawezi kurefuka.

Kalunde_Tbr (#6)
Nyongeza muhimu kwa Kwihara: HAKUNA MSUMARI UKUTANI. Tembe ni kuta nene za udongo. Msumari unatoa bonge zima, na tundu linakuwa mlango wa mchwa. Tumieni fremu za kujisimamia zenye umbo la A, mbao mbili kwa mbili, kimo sm 180, miguu itanuke sm 70 na kufungwa kamba katikati isiteleze. Mfuko wa mchanga wa kilo 10 kwenye mguu wa nyuma. Fremu ikae angalau sm 5 mbali na ukuta, na miguu juu ya vipande vya tofali la kuchoma. Kila asubuhi piga jicho chini: ukiona njia ya udongo mbichi inapanda mguuni, hiyo ni ya usiku wa jana, wala si ya zamani.

Kingine, mvua za kwetu huishia Aprili. Kufikia katikati ya Mei ukuta umeanza kukauka, lakini sakafu bado ina unyevu asubuhi. Vitu vya karatasi na nguo visilale chini hata usiku mmoja.

Na wale wenye hamu ya "kupendezesha" kabla ya wageni: msipake saruji juu ya udongo. Saruji haipumui, maji yanabaki nyuma yake, udongo unageuka unga, na baada ya misimu kadhaa lipu inabanduka na ukuta wake. Tembe linatengenezwa kwa udongo uleule, majani na samadi. Linarudiwa kila mwaka, ndivyo lilivyo.

MtunzaStoo (#7)
Wakuu, kabla hamjafika mbali: kuna mtu lazima ataleta ngoma ya babu yake, shanga, mkuki, au gora la kitambaa la zamani, "tuweke na hiki". Jipangeni.

Kwanza, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo. Msinunue, msichimbe, msihamishe kitu cha kale bila kibali. Mwenye mali akiazimisha, jaza fomu nakala mbili: kitu gani, vipimo, kasoro zilizopo siku ya kupokea, tarehe ya kurudisha, sahihi mbili. Piga picha kikiwa kando ya rula. Namba iandikwe kwenye kikaratasi kigumu na kufungwa kwa uzi wa pamba. Usiandike juu ya kitu chenyewe, na gundi ya karatasi ndiyo kabisa, itabaki na alama milele.

Pili, wadudu. Ukiona unga laini chini ya kitu cha mti, kuna mdudu ndani. Kifunge kwenye nailoni nzito, toa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi -20 kwa wiki nzima. Ukikitoa, USIFUNGUE nailoni kwa saa 24. Ukifungua mapema umande unatua juu ya kitu chenyewe badala ya juu ya nailoni, umetibu mdudu umeleta ukungu. Ngoma yenye ngozi iliyowambwa usiigandishe, ngozi inaweza kupasuka. Hiyo itenge chumba chake na uikague kila siku.

Tatu, mwanga. Nguo, karatasi na picha za rangi za maji: laksi (kipimo cha mwanga) 50 basi. Barazani mchana hata kivulini unapata 1,000 na zaidi. Hesabu ni rahisi kwa sababu madhara yanajumlishwa: saa 8 kwenye laksi 1,000 ni sawa na siku 20 za saa 8 kwenye laksi 50. Kwa hiyo nakala ndiyo ikae barazani, kitu halisi kibaki ndani. Na kibao kiseme wazi NAKALA. Mgeni hakasiriki kuambiwa, anakasirika kugundua.

NgomaNzito (#8)
Mtunza Stoo unaongea kama daktari wa zamu 😂 Nimekuelewa lakini. Vipi zile sanamu za Stanley na Livingstone wakivuana kofia pale Ujiji? Watoto wanapenda kuzishika mikono.

MtunzaStoo (#9)
Zile ni karatasi iliyopondwa na gundi. Mikono ya watoto ina jasho na mafuta, rangi inang'aa kwenye vidole vya sanamu kisha inabanduka. Mende nao wanaipenda gundi ya wanga. Weka kamba mita moja mbele, lakini mpe mtoto kitu kingine cha kushika, la sivyo kamba haitaheshimiwa. Mzigo wa mpagazi ndiyo dawa yake.

Kalunde_Tbr (#10)
Tuje kwenye mzigo basi, maana huu ndio moyo wa maonesho.

Mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikuwa kama frasila mbili. Frasila ni ratili 35, karibu kilo 16, kwa hiyo kilo 32. Vitambaa vilifungwa kwa umbo la gogo refu, na hilo gogo ndilo lililoitwa mtumba. Ndiyo, mtumba huu huu wa sokoni.

Kutengeneza: shona mfuko wa merikani nzito, urefu sm 150, kipenyo sm 30. Jaza nguo kuukuu na kushindilia kwa mpini wa jembe, ukipima kwenye mizani ya kuning'iniza hadi ifike 32. Nguo zilizoshindiliwa vizuri zinafika hapo hapo bila mchanga. Funga kamba ya mkonge kila baada ya sm 20. Mchanga ni njia ya mkato mbaya: unahamia upande mmoja, mzigo unamgeuka mtu shingoni, na mshono ukiachia umepata kazi ya kufagia tembe zima.

Tengeneza mitatu: kilo 32, kilo 16 (frasila moja), na kilo 5. Masharti kwenye kibao kikubwa: wa 32 unanyanyuliwa na watu wazima tu, usawa wa kiuno, watu wawili wakisimamia, HAUWEKWI KICHWANI. Walio chini ya miaka 12 wanabeba wa kilo 5, hatua 20 kuzunguka ua. Chini tandika mkeka mnene. Kando weka paneli yenye swali moja tu: ungebeba huu hadi pwani?

Kwa mzigo wa masango (nyaya za shaba), unaweza kuonesha mzegazega: mti begani, mzigo huku na mzigo huku. Pipa mbili za bati za lita tatu zinatosha kama mfano.

MwalimuHistoria_Ksl (#11)
Naomba nami nichangie upande wa shule. Darasa la watoto 45 likiingia kwa pamoja chumba cha tembe, hakuna anayesikia wala kuona. Wagawe 15, 15, 15. Vituo vitatu, dakika 25 kila kimoja, dakika 5 za kuhama. Saa moja na nusu imekwisha. Kosa la kawaida ni vikundi vyote kuanzia kituo namba 1 "ili wafuate mtiririko". Hapana. Kila kituo kijitegemee ili kikundi chochote kianze popote.

Kosa la pili ni madaftari. Ukiwaruhusu, watanakili paneli neno kwa neno na kuondoka bila kuinua macho. Wape kadi ya ukubwa wa kiganja yenye swali ambalo jibu lake halimo kwenye maandishi, limo kwenye kitu. Mfano: "Mzigo wa frasila moja, hesabu kamba zilizoufunga. Kwa nini nyingi hivyo?"

Barua ya shule iende wiki tatu kabla, itaje idadi ya wavulana, wasichana, walimu, na wenye mahitaji maalumu. Malipo ya serikali yanapitia kumbukumbu namba, kwa hiyo idadi ijulikane mapema. Basi likija na watoto kumi wa ziada, getini panakuwa na mazungumzo marefu. Mwalimu mmoja kwa kila 15. Maji ya kunywa yabaki nje ya vyumba vya maonesho.

MwangaWaZiwa (#12)
Kamba ya Liemba niachieni mimi.

Meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen. Ilifungwa kwanza kwa bolti, ikafunguliwa, vipande vikapigwa namba na kupakiwa kwenye masanduku 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam kisha kwa reli, ambayo ilifika Kigoma 1914. Ikaunganishwa upya hapa kwa ribiti na kushushwa majini Februari 5, 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 26, 1916, lakini mafundi walipaka mitambo grisi kwanza. Ndiyo sababu Waingereza walipoiibua 1924 mashine zilikuwa bado zinafaa, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Urefu wake ni zaidi ya mita 70, upana kama 10. Chukua kamba ya plastiki ya milimita 8, mita 70, na nyingine ya mita 10. Usitumie ya mkonge: ikilowa inajikunja na kufupika, meli yako itapungua mita kadhaa kwa umande tu. Funga kitambaa chekundu kila mita 10. Pima ikiwa imevutwa na watu wawili, si ikiwa imelala, tofauti inaonekana. Uwanja wa mpira wa kawaida una mita 100 na ushee, kwa hiyo inaenea. Watoto 8 wanashika vitambaa (0 hadi 70), wanne wanashika upana katikati, wengine wanaingia ndani ya "meli".

Mchezo wa masanduku: katoni ngumu moja ichorwe meli, ikatwe vipande 24, vipigwe namba PANDE ZOTE MBILI. Ukipiga upande mmoja, nusu ya vipande vitageuzwa na mchezo utakwama. Kisha ficha kipande kimoja kwa makusudi, uwaache wakitafute. Hapo wataelewa kwa nini namba kwenye sanduku ilikuwa muhimu kuliko sanduku.

NgomaNzito (#13)
Hii ya kuficha kipande nimeikubali. Na Gombe, hifadhi ya sokwe, je? Haiwezi kukosekana Kigoma.

MwangaWaZiwa (#14)
Paneli moja tu, tusitawanyike. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika Julai 14, 1960, na mwaka huo huo akamwona sokwe akichokonoa mchwa kwa ujiti wa jani. Paneli iweke kichuguu cha mfano na majani ya aina tatu, mtoto achague lipi linafaa. Linalokatika haraka halifai, nene haliingii. Tofauti na hapo Gombe inahitaji maonesho yake yenyewe.

MwembeWaUjiji (#15)
Kona ya maneno nimeichukua mimi. Haina gharama: vikadi, kamba na vibanio vya nguo. Mbele neno na maana ya leo, nyuma maana ya njiani:
- hongo: leo rushwa, njiani ushuru wa kupita uliolipwa kwa mtemi
- mtumba: leo nguo za kuvaliwa tena, njiani robota la vitambaa
- merikani: kitambaa cheupe kilichoitwa kwa jina la nchi kilikotoka
- kirangozi: kiongozi wa mbele wa msafara
- khete: uzi wa shanga; kumi zikawa fundo

Kadi ya hongo iwekwe mwisho, maana ikitangulia wageni watasimama hapo kubishana na foleni itaganda.

Shanga tumieni za dukani, na kadi iseme nakala kama alivyosema Mtunza Stoo.

FundiMabango (#16)
Hapa kuna jambo la vikadi: msiviwekee plastiki ya kung'aa. Barazani mwanga unarudi usoni, mtu anaona dirisha badala ya neno. Karatasi ngumu tupu, chapa seti tatu, zikichafuka badilisha.

Kalunde_Tbr (#17)
Swali la mwisho toka kwangu: kuhama Ujiji hadi Kwihara ni karibu kilomita 400 kwa reli. Nani anakagua nini kabla ya kupakia?

MtunzaStoo (#18)
Mtu mmoja, orodha moja, kalamu moja. Paneli zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, zikauke nusu saa kivulini, ndipo ziingie bombani. Zikiingia mbichi zitafika Tabora zimeshikana wino kwa wino. Fremu zifunguliwe na bawaba zibaki kwenye mbao, si mfukoni mwa mtu. Mitumba mitatu ipigwe jua siku nzima, ikung'uteni, mende wa Ujiji asisafiri bure. Vitu vya kuazimwa HAVISAFIRI, vinarudi kwa wenyewe hapo hapo siku ya kufunga, fomu mkononi, sahihi ya pili. Vipande 24 vya meli vihesabiwe mara mbili, maana kile mlichokificha ndicho mtakachokisahau chini ya mkeka.

MwangaWaZiwa (#19)
Nimeshaandika kwenye sanduku: 23 + 1.